Mhuni Kambini: Ukimsamehe Mwizi, Umpe na Sanduku?



Vijana wenzangu, leo sianzi na Injili, naanza na gemu. Najua wapo watakaoguna: "Frateri naye anacheza gemu?" Nimecheza, tena sana. Na kiukweli, baadhi ya mambo niliyosoma darasani katika miaka mitatu ya falsafa niliyaelewa vizuri pale nilipokumbuka usiku wa likizo, mimi na kaka yangu tumeinamia laptopu moja ambayo feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga.

Huyo kaka ni mtoto wa baba mkubwa. Alikuja kuishi kwetu baada ya baba mkubwa kufariki, mimi nikiwa kidato cha pili, yeye amenizidi miaka miwili. Ndiye aliyenifundisha gemu za kuigiza uhusika. Huko hushindani kwa mpira wala kwa magari. Unaingia katika nchi ya kubuni yenye mazimwi na wachawi, unaongoza kundi dogo la wenzi wa safari, na kila mwenzi ana historia yake, ulimi wake na siri zake. Kaka ndiye aliyenionyesha dunia hiyo. Na ni yeye huyo huyo aliyeiba fedha za VICOBA zilizokuwa mikononi mwa mama yangu.

Nitarudi huko. Kwanza nimtambulishe mhusika wetu wa leo.

MHUNI NI NANI?

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliozifungulia njia gemu nyingi za aina hii, ulitoka Marekani mwaka 1974 ukiwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwaka uliofuata, 1975, kikatoka kitabu cha nyongeza, na ndani yake akaingia wa nne: mwizi. Tangu hapo hajatoka. Siku hizi gemu nyingi zinamwita kwa jina pana zaidi, ambalo kwa Kiswahili chetu cha mtaani tungesema mhuni. Hana ngao kubwa wala miujiza. Ana vidole vyepesi, masikio makali na maneno matamu. Anafungua makufuli, anategua mitego, anapita gizani na kumchoma adui kwa nyuma.

Cha kushangaza ni kwamba kundi linamhitaji. Katika Dragon Age: Origins, gemu ya mwaka 2009, mpiganaji wako awe na misuli kiasi gani, sanduku lililofungwa hawezi kulifungua. Kama wewe mwenyewe si mhuni na huna mhuni kundini, unaliacha hapo na vilivyomo. Hata kabla ya gemu hizi, Tolkien, yule mwandishi Mwingereza ambaye alikuwa Mkatoliki mwenzetu, alipotoa The Hobbit mwaka 1937 alianza na vibete 13 wanaomwajiri Bilbo, bwana mpole asiyependa makuu, ili awe mwizi wao.

Kwa hiyo swali la gemu hizi ni la zamani na ni la kwetu sote. Kuna mtu ambaye tunamhitaji, pengine tunampenda, na tunajua kabisa kwamba mikono yake si salama. Tuishi naye vipi kambini?

Aristotle alisema urafiki ni wa aina tatu: wa manufaa, wa raha, na wa wema, yaani pale unapompenda mtu kwa jinsi alivyo na kumtakia mema kwa ajili yake mwenyewe. Urafiki wetu na mhuni huanza na aina ya kwanza: anafungua kufuli. Kisha unaingia wa pili, kwa sababu wahuni wana utani kuliko watu wote kundini. Shida iko kwenye wa tatu. Je, unaweza kufika huko na mtu ambaye ukilala inabidi ufumbe jicho moja tu?

SANDUKU LA MAMA

Kikundi cha mama kilikuwa na wanawake 20. Sanduku lao la chuma lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa wanawake watatu tofauti, ili asiwepo mtu mmoja wa kulifungua peke yake. Sanduku lenyewe lililala kwetu, chini ya kitanda cha mama. Siku ya kikao wale watatu wakaja, wakafungua kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndani kulikuwa na madaftari. Shilingi 640,000 hazikuwemo.

Kaka hakugusa kufuli hata moja. Alikuwa amefungua skrubu za bawaba kwa bisibisi upande wa nyuma, akatoa fedha, akazirudisha skrubu zote mahali pake. Nakiri kwa aibu: kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba wahuni wote wa kwenye gemu wangempigia makofi.

Alikuwa anabeti. Mikeka ilichanika, akakopa, waliomkopesha wakaanza kumtafuta. Alipoona siku ya kikao imefika, alishaondoka nyumbani tangu alfajiri. Mama hakusema mengi. Aliuza cherehani yake na vitenge alivyokuwa ameweka, akalipa kidogo kidogo kwa miezi minane mpaka deni likaisha. Hapo nilijifunza jambo ambalo hatulisemi sana tunapohubiri msamaha: msamaha una gharama, na mara nyingi anayelipa ni yule ambaye hakukosa. Mtume Paulo alilijua hilo. Alipomwandikia Filemoni kumwombea Onesimo, hakuishia kusema "mpokee". Alijitolea yeye mwenyewe kulipa kama kulikuwa na deni lolote.

Mwaka mmoja baadaye kaka akarudi. Ilikuwa jioni, nguo zake zote zimo kwenye mfuko mmoja wa rambo. Mama akampakulia ugali, akamtandikia kitanda chake kile kile. Kesho yake asubuhi na mapema mama akaenda kwa mwenyekiti wa kikundi, akaomba sanduku lihamie nyumba nyingine.

Mimi nilikuwa likizo. Nikamfuata uani, nikamuuliza, "Mama, sasa wewe umemsamehe au hujamsamehe?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Kitanda ni changu, nimempa. Sanduku si langu."

Kwa kiburi cha mtu aliyemaliza mwaka wa kwanza wa falsafa, nililiona jibu hilo kama msamaha nusu. Ndani nikajisemea kwamba mama amefungua mlango wa mbele na kufunga wa ndani. Leo naona mama alikuwa mbele yangu kwa mbali sana, na walionisaidia kumwelewa ni wahuni watatu wa kubuni.

MHUNI WA KWANZA: ALIYEKUJA KUUA

Zevran ni mhuni wa Dragon Age: Origins. Unakutana naye njiani akiwa amekuwekea mtego na kundi lake, kwa sababu amelipwa akuue. Ukimshinda, analala chini mbele yako, na badala ya kuomba radhi anakupa ofa: usiponiua, nitafuata wewe. Unaweza kummaliza hapo hapo. Unaweza pia kumpokea. Ukimpokea, Alistair, mwenzako wa karibu, anashangaa kama kweli umelifikiria jambo hilo, na Morrigan, yule mchawi, anakushauri kuanzia leo uwe unachunguza vizuri chakula na kinywaji chako.

Ushauri wa Morrigan ni wa kejeli, lakini una hekima. Kumwacha mtu hai ni kitu kimoja, kumwachia jiko ni kitu kingine. Msamaha unautoa wewe, unaweza kuutoa leo, na hauhitaji mwenzako awe amebadilika. Imani kwa mtu ni kitu mnachokijenga wawili, na kinachukua muda. Aristotle anakumbusha msemo wa watu wa zamani kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Sisi tunaomega ugali kwenye sahani moja tunaelewa maana yake.

Gemu inajaribu kuupima muda huo kwa namba. Kila mwenzi ana kipimo cha kukukubali, kutoka hasi 100 hadi 100. Ukisema neno analolipenda, namba inapanda. Ukimpa zawadi, inapanda, na Zevran hupenda sana vipande vya fedha na dhahabu. Mimi na kaka tulikuwa tunamnunulia mpaka tunacheka. Baadaye anatokea Taliesen, mwenzake wa zamani katika chama cha wauaji, anakuja kumrudisha kundini. Ukiwa na Zevran siku hiyo na namba iko chini, anahamia upande wa pili na kukugeuzia visu. Ikiwa juu, anasimama na wewe dhidi ya wenzake.

Hapa ndipo gemu inapokosea, na inapokosea tunaweza kujifunza. Inatufanya tudhani kwamba moyo wa mtu ni akaunti: weka wema, utatoa uaminifu. Lakini waandishi wa gemu hiyo hiyo wameficha kitu kingine chini ya namba. Ukikaa naye vya kutosha, Zevran anakusimulia. Aliuzwa kwa wauaji akiwa na miaka saba. Alikuwa na mwenzake, msichana aitwaye Rinna, akaambiwa amewasaliti, akakubali auawe. Baadaye ikajulikana hakuwa na hatia. Aliichukua kazi ya kukuua wewe akitarajia kwamba wewe ndiye utakayemuua yeye. Alikuja kutafuta kifo chake, akapewa nafasi katika kambi.

Nilipoisikia simulizi hiyo mara ya kwanza, kaka alikuwa kando yangu. Hakucheka. Alisema tu, "Kumbe jamaa alishachoka." Sikumuuliza kwa nini neno hilo lilimgusa. Natamani ningeuliza.

MHUNI WA PILI: ASIYEZUILIKA

Sasa kuna pingamizi kubwa dhidi ya mama, na pingamizi hilo limo katika Injili. Yohane, katika sura ya 12, anasema wazi kwamba Yuda alikuwa mwizi, na kwamba ndiye aliyeshika mfuko wa fedha. Yesu aliwajua watu. Kwa nini basi hakumnyang'anya Yuda mfuko, kama mama alivyohamisha sanduku? Je, Yesu hakumpa mwizi kitanda na sanduku pia?

Swali hili lilinisumbua muda mrefu. Kilichonisaidia ni Yoshimo.

Yoshimo ni mhuni wa Baldur's Gate II, gemu ya mwaka 2000 ambayo baadaye ilitolewa upya hata kwa simu, na mimi niliicheza kwenye simu. Unamkuta mwanzoni kabisa, ndani ya gereza la mchawi Irenicus, naye anasema ni mfungwa kama wewe. Ni mchangamfu, anajisifu, anafanya kazi yake vizuri. Unatembea naye, unamponya majeraha, unamgawia silaha. Kisha mnafika Spellhold, na ukweli unafunguka: muda wote alikuwa mtu wa Irenicus. Kikulacho ki nguoni mwako. Amefungwa kwa kiapo cha kichawi, asipotii atakufa. Mwisho anasimama mbele yako kupigana, na anakufa.

Nilipofika hapo mara ya kwanza, nilirudi nyuma kwenye mahali nilipokuwa nimesevu. Nikajaribu maneno mengine. Nikarudi tena. Nilikuwa natafuta jibu sahihi ambalo lingemwokoa. Halipo. Uwe mkarimu kwake au mkali, ukienda naye kule, mwisho wake ni ule ule.

Nilikasirika, halafu nikatulia, nikaona kwamba gemu ile ya zamani ilikuwa imenifundisha kitu ambacho ile yenye namba ilinificha. Rehema si mbinu. Huwezi kumwonea mtu huruma ili apate kuwa mwaminifu, kama vile huruma ni nywila ya kufungulia moyo wake. Ukifanya hivyo unafanya uwekezaji, na siku faida isipopatikana utaona umeibiwa mara ya pili. Yesu aliiosha miguu ya Yuda na kumpa tonge akijua linalokuja. Wema ule haukuharibika kwa sababu Yuda alitoka nje usiku ule. Ulikuwa wema kamili, na Yuda aliukataa.

Lakini angalia ni nini Yesu alichokiweka hatarini. Aliyesalitiwa ni yeye. Mwili uliotolewa ni wake. Bustanini, walipokuja kumkamata, aliwaambia wale askari wawaache wanafunzi wake waende zao. Alijitoa yeye mwenyewe, hakuwatoa wengine. Sisemi kwamba nimelimaliza fumbo la Yuda, maana hata ule mfuko ulihusu maskini. Lakini naona mstari ambao mama aliuona bila kusoma falsafa: mtu anaweza kuhatarisha kilicho chake kwa ajili ya rehema. Hana ruhusa ya kuhatarisha cha mjane wa jirani na kuita hiyo rehema yake. Vijana wenzangu mnaoshika hazina za vikundi na kwaya, shikeni hilo. Ukimrudishia mhasibu aliyekula mchango funguo za kabati kwa sababu unataka kuonekana mwenye huruma, umekuwa mkarimu kwa mfuko wa watu.

Hadithi ya Yoshimo haiishii kwenye kifo. Kabla hajafa anaomba moyo wake upelekwe kwa kasisi wa Ilmater, ambaye katika dunia ile ya kubuni ni mungu wa wanaoteseka. Unaweza kuupuuza. Unaweza pia kubeba moyo wa aliyekusaliti, kurudi nao mpaka mjini, na kuufikisha hekaluni ili laana ile iondolewe. Hafufuki wala harudi kundini. Unafanya tu kwa sababu aliomba. Sijui kama waliotunga tukio hilo walikuwa na imani gani, lakini mimi niliposoma nilikumbuka kwa nini tunawaombea marehemu.

MHUNI WA TATU: ANAYETAKA ASIOGOPE TENA

Wa tatu ni Astarion wa Baldur's Gate 3, iliyotoka mwaka 2023. Hii sikuicheza, laptopu yetu isingeiweza. Nilitazama wengine wakiicheza mtandaoni. Niwatahadharishe: gemu hii na ile ya Zevran ni za watu wazima, zina mambo ambayo siwashauri. Ila Astarion amependwa sana na vijana duniani, na inafaa tujiulize kwa nini.

Naye anaanza kwa kukuwekea kisu shingoni. Baadaye unajua kwamba kwa miaka 200 amekuwa mtumwa wa mnyonya damu aitwaye Cazador, akitumwa kuwanasa watu kwa uzuri wake na kumpelekea bwana wake. Mgongoni ana makovu ya maandishi aliyochorwa na bwana huyo. Makovu hayo ni sehemu ya tambiko: atakayelikamilisha atapata nguvu kuu, atatembea juani, hataogopa mtu tena. Bei yake ni roho 7,000, na miongoni mwao ni wale wale aliowanasa yeye. Mwishoni Cazador yuko chini, na Astarion anataka yeye ndiye alikamilishe tambiko. Anakuomba umsaidie.

Thomas wa Akwino anasema kupenda ni kumtakia mwingine lililo jema. Hakusema ni kumpa anachotaka. Ukimsaidia Astarion, anakushukuru na anakuwa Cazador mpya. Ukimzuia kwa maneno, inauma. Anamuua bwana wake, kisha anaanguka na kulia kama mtoto. Ameikosa nguvu aliyoiota kwa karne mbili. Lakini amebaki yeye mwenyewe, na baadaye anakushukuru.

Kaka naye, wiki mbili baada ya kurudi, aliniomba laki moja. Alisema ni mtaji. Nilijua ni mkeka mmoja mkubwa wa kurudisha kila kitu alichopoteza, ili asije tena kuwaogopa waliokuwa wanamdai. Nikakataa. Na nilikuwa sahihi kukataa. Kosa langu halikuwa hapo.

NGAZINI

Katika The Lord of the Rings, Tolkien ana mhuni ambaye kwangu ni babu wa hawa wote: Gollum. Alishaua, alishaiba, na sasa anamwongoza Frodo na Sam kuelekea nchi ya adui, akiwa tayari amepanga kuwasaliti. Kuna mahali, kwenye ngazi za mlima, Frodo na Sam wamelala. Gollum anarudi kutoka kwenye njama zake, anawatazama, na kitu kinalegea ndani yake. Ananyoosha mkono, anaugusa mguu wa Frodo taratibu, kama mzee aliyechoka. Kwa sekunde chache anakaribia kutubu. Sam anaamka, anamwona na mkono juu ya bwana wake, anamkaripia kwa neno kali la mashaka. Ile nafasi inapita. Haikurudi.

Sam hakuwa mtu mbaya. Ni mwaminifu kuliko wote katika kitabu kile. Alikuwa analinda tu.

Siku tatu baada ya mimi kumnyima laki moja, usiku, kaka alikuja akasimama kwenye mlango wa chumba changu. Umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa nasali Masifu ya Jioni kwa tochi ya simu. Alisimama muda mrefu bila kusema kitu, mkono kwenye fremu ya mlango. Nikainua macho, nikamwambia, "Unataka kuiba nini tena?"

Akasema, "Basi, frateri." Hakuniita mdogo wangu. Aliniita frateri. Ijumaa yake akaondoka.

Sijui alikuja kusema nini. Inawezekana alikuja kuomba ile laki tena. Inawezekana alitaka kukaa tu. Ninachojua ni kwamba sanduku halikuwa langu, kwa hiyo sikuwa na la kulitoa. Laki moja ningempa ingemwongezea shimo. Lakini muda wangu wa usiku ule ulikuwa wangu. Masikio yalikuwa yangu. Kiti cha pembeni kilikuwa changu. Vitu vile ambavyo ningeweza kuvihatarisha bila kumdhulumu mtu ndivyo nilivyomnyima, na nilimnyima nikiwa na kitabu cha sala mkononi.

Kwa hiyo nadhani nimepata jibu la swali langu kwa mama, na lina sehemu tatu. Kusamehe tunadaiwa na Mungu, kwa kila mtu. Kuamini tunakujenga pole pole, na tuna haki ya kusubiri chumvi iliwe. Lakini katikati kuna la tatu ambalo nilikuwa nimelisahau: kutumaini. Yaani kumwachia mtu nafasi ya kuwa mwingine leo, hata kama jana ilikuwa vile ilivyokuwa. Mama alihamisha sanduku, lakini kila jioni aliendelea kupakua sahani ya kaka na kuifunika, hata siku alizochelewa. Mimi nilikuwa nimeshaamua mwisho wa hadithi yake. Yule mhalifu aliyesulubiwa karibu na Yesu, ambaye mapokeo humwita Dismas, alikuwa amebakiwa na saa chache tu, mikono imepigwa misumari, hana tena anachoweza kurudisha wala kuthibitisha. Alichokuwa nacho ni mtu mmoja pembeni yake ambaye hakuwa amemfunga mlango.

HAKUNA KULODI

Kwenye gemu, ukikosea unalodi. Unarudi mlangoni, unachagua neno lingine. Nimetamani sana kulodi usiku ule. Kuna vijana wanaodhani Kitubio ni kulodi: unaingia, unatoka, yaliyotokea hayajatokea. Sivyo. Kulodi kunafuta historia, na pamoja nayo kunawafuta uliowaumiza. Katika Kitubio Mungu hasemi kwamba hukutenda. Anakuondolea dhambi, kisha anakurudisha kwenye historia ile ile, kwa watu wale wale, ukafanye malipizi. Padri aliyeniungamisha aliniambia sala ya malipizi, halafu akaniuliza, "Namba yake unayo?"

Ninayo. Nasikia yuko mjini, anapakia mizigo sokoni. Nimemwandikia ujumbe. Sikuandika mambo ya VICOBA wala ya kubeti. Niliandika: "Kaka, usiku ule ulipokuja mlangoni nilikukosea. Nisamehe. Siku ukitaka kusema ulichokuja kusema, nitasikiliza." Alama mbili za bluu zimeonekana tangu Jumapili. Hajajibu. Pengine hatajibu, na hana deni la kunijibu.

Mama amenieleza kwamba sanduku bado liko nyumba nyingine. Kitanda chake bado kimetandikwa.

Maswali ya tafakari wiki hii:

1. Ni nani "mhuni" katika maisha yangu, na je, nimechanganya kumsamehe na kumkabidhi vya watu?
2. Ni nini kilicho changu kabisa ambacho ningeweza kukihatarisha kwa ajili yake, na bado nimekifungia?
3. Ni mara ngapi mimi ndiye niliyekuwa mhuni, na ni nani aliyenifunikia sahani?

Tusali: Ee Yesu, uliyekula pamoja na wezi na ukafa katikati yao, utupe busara ya kulinda vya wengine na ujasiri wa kutoa vya kwetu. Uwarudishe nyumbani ndugu zetu waliopotea, na utuzuie tusiwafungie mlango wakati wamefika kizingitini. Amina.